Sixbert Chilumba na Jezi Aliyoikosa kwa Sekunde Tisa

Pikipiki ilikuwa imeshaiacha lami ya barabara ya Masasi na tulikuwa tunaupanda Rondo kwa gia ya pili, mimi na dereva wangu Bakari, alipopunguza mwendo bila sababu niliyoiona. Akapiga honi mara mbili, akaendelea. Mbele hapakuwa na gari wala mbuzi. Mimi nilikuwa sijawahi kufika Rondo. Mama yangu Helena alizaliwa huku, akaolewa mbali na kufia mbali, na mimi nimekaa nchi za watu muda mrefu hata nikazijua njia za miji ya wengine kabla ya kuijua njia ya kwetu. Nikamuuliza Bakari ile honi alimpigia nani.

Akasema, "Ile ni Kona ya Sixbert. Kila anayepita anapiga. Alianguka pale mwaka elfu mbili na kumi na tatu, mfupa wa bega ukavunjika, na alipoinuka aliuliza kwanza kama baiskeli ni nzima."

Kisha akataka kujua mgeni wake anakwenda kwa nani. Nikamwambia ninakwenda kumzika huyo huyo. Tulipofika hapa nyumbani alizima injini, akaenda kukaa na wanaume chini ya turubai. Bado yupo.

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi naitwa Jerome, mtoto wa mama mkubwa wa marehemu. Familia imeniomba niwasomee maisha ya ndugu yetu. Nimeyaandika kwa kusimuliwa na mama yake, mke wake, mwalimu wake na rafiki yake wa Somanga, na sehemu moja alinisimulia mwenyewe.

Marehemu Sixbert Eusebio Chilumba alizaliwa hapa Mnara, Rondo, Jumamosi tarehe 14 Septemba 1985. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu mzee Eusebio Chilumba, mkulima wa korosho na mihogo, na mama Yustina, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo. Alibatizwa mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Mama Yustina anasema Sixbert alichelewa sana kutembea, hata majirani wakaanza kuleta mizizi ya kumchemshia. Mtoto hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa akikaa tu barazani akiitazama baiskeli ya baba yake. Alipofika miaka sita aliichukua bila ruhusa, akapitisha mguu chini ya bomba la juu kwa kuwa kitini hafiki, akaiendesha hivyo amejipinda mpaka shambani, ambako mzee Eusebio alikuwa akipalilia. Mzee alitupa jembe chini. Kwanza alimchapa, kisha akampakia kwenye keria wakarudi nyumbani pamoja, na njiani, kwa maneno ya mama, baba alikuwa anacheka peke yake.

Marehemu alisoma Shule ya Msingi Mnara kuanzia mwaka 1993 hadi 1999. Mwaka 2000 alikwenda Lindi mjini kuishi Rasbura kwa mama yake mdogo, Angela, akasoma sekondari hadi mwaka 2003. Cheti chake cha kidato cha nne hakikuwa cha kutundika ukutani. Somo alilofaulu vizuri lilikuwa Jiografia, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba alitaka kujua milima inaishia wapi.

Mwaka 2004 mjomba wake Rafaeli, aliyekuwa na biashara ya samaki wa kukaanga pale Somanga, alimwita akamsaidie. Kazi ilikuwa kufunga tenga la samaki kwenye keria ya baiskeli ya Foniksi, kilo sitini, siku nyingine sabini, na kulipeleka bara hadi Kipatimu, juu kwenye milima ya Wamatumbi. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba kupanda kunatesa, ila kushuka ndiko kunakotisha, kwa sababu mzigo ulio nyuma unataka kufika kabla yako. Mwalimu wake katika kazi hiyo alikuwa ndugu Fakihi Shamte, mwenyeji wa Somanga, ambaye ametoka huko jana na kupanda magari matatu kuja kumzika. Fakihi alimfundisha namna ya kufunga kamba, mahali pa kupumzika, na namna ya kuanguka. Maana mchukuzi wa samaki lazima ataanguka, na samaki wa kukaanga akivunjika hana mnunuzi. Kwa hiyo tenga likianza kuelemea, mchukuzi hutakiwa ajilaze upande wa kushoto, aiache baiskeli imlalie, tenga libaki juu.

Fakihi alimwambia, "Mwili unaunga, mdogo wangu. Samaki haungi."

Sixbert alilishika somo hilo kwa miaka minne, mara mbili kwa wiki, na ninaomba mlikumbuke kwa sababu ndilo lililompa sifa na ndilo lililomnyang'anya.

Mwaka 2008, siku ya Nane Nane, palikuwa na mashindano ya baiskeli kutoka viwanja vya Ngongo hadi Mnazi Mmoja na kurudi. Sixbert alikuwa mjini kumsalimia mama yake mdogo. Akajiandikisha na Foniksi yake ya kazi, keria ikiwa nyuma, harufu ya samaki ikiwa pale pale. Wenzake wenye baiskeli za mbio walimtania kwamba huyu amekuja na mboga. Alimaliza wa pili. Alipoulizwa amewezaje, alisema watu walikuwa hawataki kukaa nyuma yake kwa sababu ya harufu, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kumfukuza.

Aliyemuona siku hiyo ni Mwalimu Zakia Rashidi, aliyekuwa akifundisha michezo na kuendesha klabu ndogo ya baiskeli Rasbura. Mwalimu hakumpongeza. Alimsogelea, akamshika mapaja kama anayekagua ng'ombe mnadani, akamuuliza anakula nini. Sixbert akamwamkia kwanza, "Shikamoo mwalimu," kisha akajibu kwamba anakula samaki waliovunjika. Mwalimu akasema, "Marahaba. Jumatatu njoo bila keria." Hivyo ndivyo alivyoacha biashara ya samaki.

Kwa wale wasiofuatilia mchezo huu, naomba nieleze kwa ufupi. Mbio za hatua hukimbiwa kwa siku nyingi mfululizo, kila siku kutoka mji mmoja hadi mwingine, na muda wa kila siku hujumlishwa. Mtu anaweza asishinde hata siku moja na bado akawa mshindi wa jumla, mradi asipoteze muda popote. Nimeishi katika nchi ambako mchezo huu husimamisha kazi za watu kwa wiki tatu, na kila lugha niliyousikia ndani yake ina neno zuri la kupanda mlima. La kuanguka huwa ni neno fupi, linalosemwa haraka, kama jina la jirani usiyetaka akusikie. Kwetu Kusini mashindano makubwa ni Mzunguko wa Kusini, hatua saba, na anayeongoza kwa jumla huvaa jezi ya bluu. Tangu mwaka 2009 hadi alipoacha, marehemu alitaka kitu kimoja katika mchezo, nacho ni kuivaa jezi hiyo siku ya saba, Lindi mjini, mama yake akiwa barabarani anatazama.

Miguu alikuwa nayo. Mwaka 2011 aliitwa timu ya taifa, akashindana katika nchi tatu za jirani, na katika milima hapakuwa na mtu wa Kusini aliyeweza kukaa naye. Mwaka 2012 aliingia hatua ya sita ya Mzunguko akiwa amevaa bluu, akiongoza kwa dakika moja na sekunde arobaini. Siku hiyo, wakishuka baada ya Nachingwea, gurudumu la mbele liliingia kwenye shimo lililojaa mchanga. Mtu yeyote mwingine angeiachia baiskeli ikaenda zake. Sixbert alijilaza kushoto, akaikumbatia, ikamlalia. Wahudumu walipofika waliikuta haina hata mkwaruzo. Mfupa wa bega la kushoto ulikuwa umevunjika vipande viwili.

Mwalimu Zakia alipanda naye kwenye gari la wagonjwa. Hakumwambia pole. Alisema, "Baiskeli ni chuma, Sixbert, ina spea dukani. Wewe spea yako iko wapi?"

Mfupa ulichukua wiki saba. Mwezi wa Julai mwaka uliofuata, akifanya mazoezi huku nyumbani, akamkwepa mbuzi kwenye ile kona na kuvunja mfupa ule ule, kwa namna ile ile. Waliokuwepo jana alasiri walimuona mtani wetu aliyevaa kofia ya marehemu akipanda baiskeli ya mtoto hapa uani, akaanguka kushoto mbele ya waombolezaji, akabaki chini ameikumbatia, akikataa kuinuka mpaka alipwe. Mama Yustina alicheka mpaka akashikwa mkono. Watani wana haki yao, na huyu aliigiza kwa usahihi.

Kuanguka huko ndiko kulikomletea mke. Klabu haikuwa na uwezo wa kununua jezi mpya kila zilipochanika, kwa hiyo zilipelekwa kwa fundi cherehani pale Rasbura, binti aitwaye Benadetha Valerian. Alikuwa hajui lolote kuhusu mbio. Ila alikuwa ameshashona viraka vya Sixbert kwa mwaka mzima, na siku moja alimtandazia Mwalimu Zakia jezi nne mezani. "Zote zimechanika kushoto," akasema. "Huyu mtu anaanguka kwa kuchagua." Mwalimu, aliyekuwa na saa mbili za kupimia mbio mkononi na madaftari kabatini, alikuwa hajaliona hilo.

Basi Fakihi akaitwa kutoka Somanga kuja kulifuta somo lake. Kwa wiki mbili kiwanja cha mpira cha Rasbura kiligeuka tamasha. Sixbert aliendeshwa kwenye mchanga laini na kuambiwa aangushe mzigo. Wakiweka tenga la mchanga, aliliachia bila taabu. Wakiweka tenga la samaki, alijitupa chini yake. Fakihi alifoka, akabembeleza, akamtukana kwa Kimatumbi, na watu wa mtaa wakawa wanakuja na mabakuli yao kusubiri samaki watakaovunjika, wakaondoka mikono mitupu siku tisa mfululizo. Siku ya kumi tenga lilianguka. Kiwanja kizima kilipiga makofi na Sixbert akakaa chini, akatazama wale samaki kama mtu aliyefanya kosa kubwa. Fakihi aliniambia juzi kwa simu kwamba zamani kumfundisha kuliokoa tenga kulichukua asubuhi moja. Benadetha alikuja kutazama kila siku, akidai amekuja kununua kitoweo.

Walifunga ndoa kanisani Lindi mjini Jumamosi tarehe 22 Novemba 2014. Mungu aliwajalia watoto wawili, Angela aliyezaliwa mwaka 2015 na Valerian aliyezaliwa mwaka 2018. Katika harusi Mwalimu Zakia alitoa nasaha fupi kuliko zote nilizowahi kusimuliwa. Alimwambia bwana harusi, "Huyu ndiye spea yako. Ni mmoja."

Miezi michache kabla ya harusi hiyo marehemu alikuwa amerudi kwenye Mzunguko. Hatua ya pili, magurudumu yaligusana katikati ya kundi, watu kumi na wawili wakaenda chini. Safari hii Sixbert aliiachia baiskeli. Aliangukia kulia, akachunika paja, mifupa ikabaki salama, na Fakihi aliyekuwa akisikiliza redio Somanga inasemekana alisujudu. Lakini baiskeli ilivunjika uma unaoshika gurudumu la mbele, na ya akiba ilikuwa kwenye gari lililokwama nyuma ya ajali. Alisimama pembeni ya barabara dakika nne akisubiri. Hatua tano zilizobaki alizimaliza akiwa na kidonda kilichogandia shuka kila alipolala, na mtu asiyelala hapandi mlima. Alikuwa wa kumi na moja.

Nilipokuwa nikikusanya habari hizi nilidhani ajali humwibia mwanamichezo kwa njia moja, nayo ni maumivu. Mwalimu Zakia alinisahihisha. Alisema mfupa ni kitu kidogo, una tarehe yake ya kupona. Ajali huiba usingizi wa wiki ile, huiba miezi ya mazoezi, huiba nafasi kwenye timu kwa kuwa timu haingojei mtu. Halafu huiba kitu ambacho hakionekani. Alinionyesha daftari. Mwaka 2012 Sixbert alikuwa akishuka milima sawa na wenzake. Mwaka 2015 alikuwa akiwaacha wakati wa kupanda na kuwapa zawadi ya sekunde ishirini katika kila mteremko. Miguu ilikuwa imepona zamani. Mikono ndiyo iliyokuwa bado inakumbuka.

Mwaka 2016, kilomita mbili kabla ya kumaliza hatua ya tatu Kilwa Masoko, kundi lilianguka tena na yeye akapiga kichwa. Hakujitambua kwa siku mbili. Baadaye alipatwa na degedege mara mbili, na daktari akamwambia mbele ya mkewe kwamba kichwa hicho kikipigwa tena anaweza asiamke. Kwa miaka miwili iliyofuata alikimbia kama msaidizi, mbio fupi za tambarare tu, akibeba chupa za maji za vijana. Mmoja wa vijana hao, Brighton wa Newala, alifundishwa na Sixbert kila alichokijua. Baadaye Brighton alihamia timu ya Dar es Salaam, akaaga vizuri, na leo ni mmoja wa watakaobeba jeneza.

Mwaka 2019 marehemu alikuwa anakaribia miaka thelathini na minne, na aliomba kwenda Mzunguko mara moja ya mwisho. Hakuomba kwa Mwalimu. Aliomba kwa mkewe. Siku ya nne Benadetha alimwomba Mwalimu Zakia amtembeze kwa gari kwenye njia yote ya hatua saba, na katika hatua ya mwisho, kutoka Masasi hadi Lindi, aliona miteremko ambayo hakuipenda. Akachagua kona sita. Akaziandika kwa namba za kilomita kwenye karatasi, akaifunika kwa nailoni, akaifunga mwenyewe kwenye usukani wa baiskeli.

Akamwambia, "Hizi kona sita ni zangu. Utafunga breki hata kama wa nyuma anakupita. Barabara iliyobaki ni yako."

Sixbert alikubali.

Siku hizo saba watu wa Lindi hawajazisahau. Hakuanguka. Alipanda kama zamani, akaivaa bluu baada ya hatua ya nne, na asubuhi ya hatua ya saba alikuwa akiongoza kwa sekunde kumi na nne. Wa pili alikuwa Brighton. Mama Yustina aliletwa mjini kutoka Rondo, akawekewa kiti kando ya barabara. Kwenye kila kona ya Benadetha, Sixbert alifunga breki, na Brighton, aliyefundishwa kushuka na yeye, hakufunga. Brighton alimaliza mbele kwa sekunde ishirini na tatu. Jezi ilikwenda kwake kwa sekunde tisa.

Kwenye redio mtangazaji mmoja alisema Chilumba amezeeka na ameogopa. Habari za ile karatasi zilipotoka, maneno yakageuka, watu wakamsifu kwamba alimpenda mke kuliko ushindi. Sifa hizo zilimwinua yeye na kumwinamisha Benadetha. Kuna watu, na wengine wamo humu, waliomwambia sokoni kwa utani kwamba yeye ndiye aliyeivua bluu. Aliacha kushona jezi za klabu. Kila mwezi wa Agosti, mwezi wa Mzunguko, alimwomba mumewe msamaha, na kila mwaka alijibiwa kwamba hakukosa, na hakuamini.

Baada ya mbio hizo marehemu aliacha mashindano. Alifungua karakana ya baiskeli pale Rasbura na kusaidia kufundisha klabuni. Alikuwa fundi mpole na ghali, kwa sababu hakukubali kurudisha baiskeli ambayo breki zake hazijamridhisha, hata kama mteja ameleta pancha tu.

Mwezi wa Mei 2024 alianza kupungua mwili na macho yakawa ya manjano. Vipimo vilionyesha saratani ya kongosho. Alitibiwa Dar es Salaam hadi Januari mwaka huu, kisha madaktari wakamruhusu arudi nyumbani, na wote tulielewa maana yake. Katika kipindi chote hicho Benadetha hakumwacha. Mwalimu Zakia alimsomea matokeo ya mbio. Fakihi alituma samaki, wazima, kila wiki, ingawa mgonjwa alikuwa hawezi tena kuwala. Aliwaangalia tu na kusema wamefungwa vizuri.

Mwezi wa Februari nilikwenda kumwona Rasbura. Alikuwa ameketi karakanani kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini, akimwelekeza kijana wa kazi kwa kidole. Benadetha alikuwa amekwenda sokoni. Aliniambia, "Kaka, wewe umeandika habari za watu wengi usiowajua. Na yangu utaiandika." Nikasema nitaiandika. Akasema kuna jambo lazima liwemo, na ninalisoma hapa kwa idhini ya mama Yustina na ya wazee wa familia.

Alisema, "Karatasi ya Benadetha ilikuwa na kona sita. Mimi nilifunga breki mara saba."

Nilidhani ni dawa zinazungumza. Akanieleza taratibu. Alikuwa amepiga hesabu ya kona zile tangu Masasi, akajua zitamgharimu kiasi gani, na alijua jezi bado itabaki kwake. Ya saba ilikuwa pale baada ya Ngongo, kilomita chache kabla ya kumaliza. Lami nzuri, barabara pana, hakuna mchanga. Haikuwa kwenye karatasi.

"Pale hakuna aliyeniambia nipunguze," alisema. "Mikono ilifunga yenyewe. Nikamwona Brighton anakwenda, nikajua jezi imekwenda. Na unajua, kaka, nilishukuru. Niliogopa miaka saba nikasema siogopi. Pale nikachoka kusema."

Nikamwambia amweleze mkewe mwenyewe.

"Nimemweleza mara tatu. Anadhani namhurumia. Aelezwe mbele za watu, siku ambayo siwezi kumbembeleza mtu."

Kutoka pale nilikwenda kwa Mwalimu Zakia, nikamwomba daftari la mwaka 2019. Alilitoa bila kuuliza ukurasa gani. Siku ile alikuwa kwenye gari la timu nyuma yao na saa zake mbili. Kona sita za Benadetha zilimla Sixbert sekunde kumi na moja. Kumi na nne ukitoa kumi na moja ni tatu, naye alikuwa bado bingwa walipofika Ngongo. Kona ya saba peke yake ilimla sekunde kumi na mbili. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo. Alisema woga wa mchezaji ni siri yake, mwalimu hana ruhusa ya kuutoa nje. Nikamwambia mwenyewe ameutoa. Alilifunga daftari, akanipa nije nalo. Liko hapa mezani, kwa yeyote anayetaka kuona.

Shemeji Benadetha, ujumbe niliopewa nimeufikisha. Karatasi yako haikumnyima jezi. Ilimrudisha nyumbani, akamwona Valerian akianza kwenda shule. Jezi ilichukuliwa na mashimo na mchanga na magurudumu ya watu wengine, kidogo kidogo, kuanzia mwaka 2012, na siku ya mwisho haikuwa imebaki ya mtu kuichukua. Waliokutania sokoni wamesikia.

Marehemu Sixbert Eusebio Chilumba alifariki dunia nyumbani kwake Rasbura, Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Benadetha alikuwa ameushika mkono wake wa kushoto.

Ameacha mke, Benadetha; watoto wawili, Angela na Valerian; mama yake mzazi, Yustina; ndugu wanne; mama mdogo Angela na mjomba Rafaeli; Mwalimu Zakia; rafiki yake Fakihi; wanaklabu wa Rasbura, na barabarani huko watu wengi ambao breki zao ni nzima kwa sababu yake.

Mama Yustina miguu haimwezeshi tena kufika makaburini, na nimepangiwa kubaki naye hapa uani. Brighton na wenzake wameshasimama. Nendeni naye polepole. Sixbert, mdogo wangu, tangulia. Sisi wawili tutakusindikiza kwa macho mpaka mnapokata kushoto kanisani. Bwana akupokee, na amani yake iwe pumziko lako.